Kifuniko Kilichobonyea

Bakuli lilikuwa juu ya meza ya mpelelezi tangu saa mbili asubuhi, na ole wake ambaye angeligusa. Lilikuwa bakuli la plastiki, la duara, plastiki yenyewe ile ya kuona ndani kwa ukungu ukungu, na kifuniko chake kilikuwa cheupe. Ndani mlikuwa na bangili ya dhahabu. Kila askari aliyepita aliinama, akaiona, akapiga mluzi, akaambiwa aendelee na safari yake.

Mpelelezi mwenyewe kituo kizima kilimwita Kobe, tena mbele ya uso wake, naye alishachoka kukasirika. Ukimuuliza swali lolote, hata kama anataka chai, kwanza alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, ndipo akajibu. Wenzake walisema washukiwa wa Kobe hukiri mapema ili wasiione ile miwani ikifutwa tena. Yeye aliwajibu kwamba mwenda pole hajikwai, akaendelea kufuta.

Ila Jumatatu hiyo upole ulikuwa na mpaka wake. Saa kumi jioni mwanamke aliyeketi mbele yake angenyang'anywa kazi aliyoianza juzi tu.

"Wewe ndiye Mama Pacha?"

"Ndiye mimi, Afande."

"Kazi?"

Mama Pacha aliitazama mikono yake. Ilikuwa imechunika kwenye vifundo, mikono ya mtu aliyeishi na sabuni. "Mpaka mwezi uliopita nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Miaka kumi na minne. Sasa nauza vyombo vya kuhifadhia chakula. Yaani, nimeuza siku moja. Jumamosi."

"Nieleze hiyo kazi. Nifanye mimi sijui kitu."

"Hatuna duka. Mwanamke mmoja anafungua sebule yake, anaita wenzake wanne watano. Huyo ndiye mwenyeji. Mimi naja na sanduku. Tunacheza mchezo wa kuchangamsha watu, naonyesha vyombo, wanavishika, wanaagiza. Halafu kabla hatujaachana naomba mmoja wao na yeye afungue sebule yake. Sebule inazaa sebule, Afande. Nikienda hivyo, mwaka ukiisha nina mtaa mzima."

"Na sebule ya kwanza ikiharibika?"

"Hakuna ya pili. Nani atamkaribisha mwizi kwake?" Alitupia jicho saa ya ukutani. "Madamu, yule anayesambaza vyombo na anayetusimamia, anakuja saa kumi kuchukua sanduku. Ndiyo sheria yao. Muuzaji akishukiwa wizi kwa mwenyeji, sanduku linarudi, na hauzi tena popote. Na kule kwenye mashuka wameshaandika mtu mwingine."

Kobe alifungua jalada. Mambo yenyewe yalikuwa wazi kupita kiasi, na mambo ya namna hiyo yalimpa shaka siku zote. Jumamosi saa kumi jioni, sebuleni kwa mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa wote ulimwita Mwalimu tu, walikutana wanawake watano: Mwalimu, wifi yake, muuguzi wa nyumba ya jirani, msusi mwenye saluni ng'ambo ya barabara, na Mama Pacha. Mwalimu alivua bangili anawe mikono, akaiweka kwenye kisahani juu ya kabati. Kikao kikaendelea. Mwisho bangili haikuwepo. Wakatafuta, wakafungua sanduku jekundu la Mama Pacha, wakaikuta humo, ndani ya bakuli lililofungwa kabisa. Mwalimu, kwa sauti ile ile iliyotuliza madarasa miaka ishirini, alikataza mtu yeyote asilifungue mpaka polisi waje. Kwa hiyo lilikuja kituoni kama lilivyokutwa.

"Ulipofika pale ulilipangaje sanduku lako?"

"Kama tulivyofundishwa. Vyombo vitupu havifungwi, vinapachikwa kimoja ndani ya kingine, vifuniko vinakaa mfuko wa pembeni. Ukifunga chombo kitupu kinavunda. Mteja akifungua ananusa uvundo badala ya chombo kipya."

"Hujasahau hata kimoja? Siku ya kwanza, una wasiwasi..."

"Afande, wakati wa mafunzo Madamu alimwaga sanduku zima la mwenzetu sakafuni kwa kosa hilo hilo. Hata nikilala nalikumbuka."

Kobe alisogeza bakuli kwa ncha ya kalamu. "Litazame bila kuligusa. Unaona nini?"

Mama Pacha aliinama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, hofu ilimtoka usoni, ikaja sura ya mtu wa kazi. "Kifuniko kimebonyea katikati."

"Maana yake?"

"Limetolewa pumzi. Ukifunika tu, hewa inabaki ndani, na kifuniko kinaweza kuruka. Sharti ukandamize katikati kwa kidole gumba, unyanyue ukingo kidogo sana, hewa itoke fyuu, halafu ufunge. Ndipo kinabonyea. Ukilipindua bakuli likiwa na maji, halitoi tone."

"Mtu yeyote anaweza?"

"Thubutu! Hapo ndipo watu wanapocheka. Namwita mgeni ajaribu, kinamrukia. Jumamosi nilimwita muuguzi, kikamgonga kidevuni. Wakajaribu wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyeweza."

Kobe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi mama, aliyefunga bakuli hili ni wewe, au ni mtu anayejua na akajifanya hajui."

Mama Pacha alikivuta kiti chake karibu na meza.

"Kitu kingine." Kobe alimpa kioo cha kukuzia. "Hapa ukingoni. Alama za vidole zimejaa kila mahali, bakuli limepita mikono yenu wote, hazinisaidii. Lakini kuna mstari mwembamba wa mafuta unaozunguka ukingo mzima wa kifuniko. Haujakatika popote. Ni wewe?"

Alitazama sana. "Sijui, Afande. Sisi tunafunga kwa viganja viwili, pande mbili, basi. Hatuzungushi kitu."

Kobe aliandika sentensi hiyo yote, akaipigia mstari chini.

*

Wifi wa Mwalimu alikuwa karani wa posta, na jina lake lilikuwa la kwanza midomoni mwa watu. Sababu walikuwa nazo. Bangili ilikuwa ya marehemu mama yake, na marehemu, alipougua, alimwachia mkwewe, Mwalimu, badala ya bintiye. Halafu Jumamosi, katikati ya mchezo, Wifi alitoka sebuleni na simu sikioni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kufumba macho: kila mmoja anatikisa bakuli lililofungwa na kubahatisha kilichomo, mchele au maharage au vifungo. Dakika nzima hakuna aliyeona kitu, isipokuwa yeye, ambaye watu walidhani yuko ukumbini.

"Najua umekuja kufanya nini," Wifi alisema kutoka nyuma ya kioo cha dirisha la huduma, huku akigonga mihuri. "Umekuja kuniuliza kama nimeiba bangili ya mama yangu mwenyewe."

"Umeiba?"

"Ningeichukua ningeivaa! Tena ningepita nayo mbele ya dirisha la wifi yangu asubuhi na jioni, mpaka macho yamtoke. Niiweke kwenye bakuli la mwenzangu kwa faida gani?"

Kobe alifuta miwani. Foleni nyuma yake iliguna.

"Simu ilitoka kwa nani?"

Alimsukumia simu yenyewe chini ya kioo. Kobe aliangalia orodha, akanakili namba, akapiga kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Aliyepokea alikuwa fundi bomba. Ndiyo, Jumamosi aliongea na mama wa posta, dakika kumi na moja, na alisikia mlango wa nje ukibanwa na upepo na mama akilalamika kwamba amefungiwa barazani mpaka aje kufunguliwa. Nani alimfungulia? Mwalimu mwenyewe, mchezo ulipokwisha.

Kwa hiyo Wifi hakuwa ndani ya nyumba. Kobe aliufuta mstari mrefu aliokuwa ameuchora kwenye daftari lake, na hakuonekana kusikitika.

"Nani alitoa wazo la kuanza kutafuta kwenye sanduku?"

"Msusi. Alisema tuanze na sanduku la mgeni, ili baadaye mtu asije akamsingizia bure. Nikaona ana huruma."

"Nani alimwalika?"

Muhuri ulisimama hewani. "Nani alimwalika? Hata... alijialika. Ijumaa alikuwa ananisuka, nikamwambia kwa wifi kuna kikao cha vyombo. Akasema, 'Shoga, mambo hayo sijawahi kuyaona maishani, nipeleke na mimi.'"

Kutoka posta Kobe alikwenda moja kwa moja mahakamani kuomba hati ya upekuzi wa saluni. Hakimu aliitia saini akinung'unika kwamba ushahidi ni kama moshi tu. Kobe alimwambia ataleta na moto.

*

Saa nane mchana viti vilikuwa vimerudi mahali pake sebuleni kwa Mwalimu, kila kimoja kwenye alama kiliyoiacha kwenye zulia. Msusi alikaa mbele ya kabati, kama Jumamosi. Kisahani kilikuwa nyuma ya bega lake, na sanduku jekundu lilikuwa kando ya mguu wake wa kushoto. Kobe alipima kwa futi ya fundi, akaandika. Mkono mmoja ungeweza kufika huku na huku bila mwenye mkono kunyanyuka.

"Tunarudia kikao chote," alisema. "Neno kwa neno. Mama Pacha, anza."

"Afande, hawa wote wananiona mwizi."

"Ndiyo. Anza hivyo hivyo."

Mwanzo ulikuwa wa kuhuzunisha. Alichanganya maneno, akaangusha kijiko. Muuguzi alitazama dari kwa aibu. Lakini Mama Pacha aliokota kile kijiko, akakifuta kwa upindo wa kanga, na pale pale kitu kikamwingia. Labda alikumbuka kwamba saa kumi ingefika hata akilia. Aliweka bakuli mbele yao.

"Akina mama, mimi nimefua mashuka ya watu nisiowajua miaka kumi na minne," alisema. Jumamosi hakuwa ameyasema hayo. "Kitu kinachovuja nakijua, na kisichovuja nakijua. Hiki sicho cha kuvuja. Mwalimu, samahani, naomba ukae hapa katikati."

Akajaza bakuli maji mpaka shingoni. Akafunika, akatoa pumzi, fyuu. Akalipindua juu ya kichwa cha mwalimu mkuu mstaafu, juu ya kilemba kipya kilichopigwa pasi, akalishika hapo.

Wanawake walishika vinywa. Mwalimu hakupepesa. Sekunde zilipita. Halikudondoka tone.

"Ewaa!" Muuguzi alipiga makofi, kisha akakumbuka kilichowaleta, akaficha mikono.

Walifanya mchezo wa kufumba macho. Kobe peke yake ndiye aliyebaki ameyafumbua, na saa mkononi. Ukaja wakati wa kujaribu kifuniko. Cha Muuguzi kiliruka mpaka chini ya meza. Cha Mwalimu kilikaa upande. Wifi alikigonga kwa ngumi kama muhuri, kikamcheka. Msusi alisukuma huku, kikafunguka kule, akajirusha nyuma kwenye kiti akicheka kuliko wote.

"Mimi nimeshindwa! Haya ni mambo ya wenye elimu yake."

Wote walimgeukia mpelelezi. Kobe alivua miwani na kuifuta kwa muda ambao hata yeye hajawahi kuutumia, kisha akafunga daftari.

"Basi. Nimeona nilichotaka kuona. Yanayobaki ni ya kuandika kituoni." Akamgeukia Wifi, akamtazama kwa huzuni, akatikisa kichwa.

Mtazamo huo ulitosha. Wifi aling'aka, "Unanitazamia nini?" na wengine wote wakashusha pumzi, maana mwizi alishapatikana na si wao. Mwalimu alileta chai. Asubuhi Kobe alikuwa amempigia simu na kumwomba jambo dogo tu, bila kumweleza sababu, na Mwalimu hakuuliza. Amri fupi alizipenda. Alimwaga sinia la biskuti mezani, akagawa mabakuli.

"Zimebaki nyingi. Kila mtu ajaze zake aende nazo nyumbani. Sitaki kuona makombo kwangu."

Wakaanza kujaza huku wakipiga soga. Msusi, kwa raha aliyokuwa nayo, ndiye aliyeshika mazungumzo. Alikuwa anasimulia habari za bibi harusi mmoja aliyelala usingizi kwenye kiti cha saluni akaamka na mtindo wa mtu mwingine.

"Basi akajitazama kwenye kioo," alisema, akatumbukiza biskuti ya mwisho, "akaniambia, dada, huyu ni nani?"

Wote wakaangua kicheko. Na mikono ya Msusi, ambayo haikuwa na habari na hadithi wala na polisi, ilichukua kifuniko, ikakilaza, kidole gumba kikakandamiza katikati, kidole cha shahada kikanyanyua ukingo kidogo sana. Fyuu. Kisha kidole gumba kikazunguka ukingo mzima, mzunguko mmoja, laini, bila kukatika, kikarudi kilikoanzia.

Kifuniko kilibonyea katikati, kizuri kama cha kwenye picha.

"Rudia," alisema Kobe.

Kicheko kilikufa kwa vipande. Msusi alitazama bakuli lililokuwa mapajani mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeliweka pale.

"Nirudie nini?"

"Hiyo. Robo saa iliyopita ulishindwa kabisa."

"Si nimemwona Mama Pacha! Nimejifunza. Kujifunza ni kosa?"

"Muuguzi naye amemwona, mara mbili sasa. Muuguzi, biskuti zako ziko wapi?"

"Kwenye zulia, Afande," alisema Muuguzi, naye kweli alikuwa amepiga magoti anaziokota.

Kobe alimgeukia Mama Pacha. "Kile kidole kilichozunguka ukingoni. Umewahi kukifanya mbele yao?"

Mama Pacha alikuwa amesimama. Hakuwa anamtazama mpelelezi, alikuwa anaitazama mikono ya Msusi, tena kwa makini ya mtu aliyekaa darasani na kuandika kila kitu. "Kamwe. Vyombo vyetu havina haja. Ni vya wale wenzetu wa vyombo vya kijani. Vifuniko vyao vina mfereji, usipozungusha kidole havishiki. Madamu alituonya kwenye mafunzo, akasema mkimwona mtu anazungusha kidole jueni ametoka kwao."

"Na mafuta ya nywele hayatoki kidoleni kwa kunawa mara moja," alisema Kobe. Akachukua simu. "Koplo? Ingia."

Alikuwa amemwacha koplo mmoja wa kike mbele ya saluni ng'ambo ya barabara, na hati mkononi. Dakika saba zilipita. Hakuna aliyekunywa chai. Wifi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, akimtazama Msusi kuanzia juu mpaka chini na kurudi juu.

Koplo aliingia na sanduku la kijani. Lilikuwa nyuma ya mashine ya kukaushia nywele, chini ya taulo. Ndani kulikuwa na vyombo vya kijani, vipya, na karatasi yenye majina ya wanawake wa mtaa ule kwa mwandiko mzuri. La kwanza lilikuwa la Mwalimu, nalo limezungushiwa duara mara tatu.

Njia ya mwongo ni fupi. Msusi aliiona mwisho wake, akaacha kucheka.

"Mtaa huu ulikuwa wangu," alisema, na machozi yakamtoka ya hasira tupu. "Miezi minane nasuka vichwa vyenu! Nasikiliza waume zenu, wakwe zenu, magonjwa yenu, namngoja Mwalimu anizoee ndipo nimwombe. Kila mtu anajua, sebule ya Mwalimu ikifunguka mtaa wote umefunguka. Halafu anatokea huyu na mikono yake ya sabuni, anabisha hodi mara moja, anakaribishwa! Mara moja tu!"

"Mimi nilibisha mara tatu," alisema Mama Pacha. "Mara mbili za kwanza alinifukuza."

"Kweli," alisema Mwalimu. "Ya tatu alikuja na mvua. Nikaona huyu ana lake."

"Ungeniambia tungegawana," Mama Pacha alimwambia Msusi. "Nyumba ziko nyingi, na wewe una maneno matamu kuliko mimi. Lakini wewe ulitaka niitwe mwizi mbele ya wanangu. Hapana. Kwa hilo sikusamehi leo."

Koplo alimshika Msusi mkono, wakatoka. Mlangoni walipishana na mwanamke mrefu mwenye suti ya kijivu na karatasi ndani ya bahasha. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na Madamu hakuwahi kuchelewa kokote.

"Nimekuja kuchukua sanduku," alisema.

Hapo sebule ililipuka. Walieleza wote kwa pamoja, kila mmoja na mwanzo wake na mwisho wake, Muuguzi akionyesha kidevu chake, Wifi akiigiza kidole gumba hewani, mpaka Mwalimu akapiga meza mara moja na kueleza mwenyewe kwa sentensi nne. Madamu alisikiliza. Hakutabasamu. Alikwenda kwenye sanduku jekundu, akalifungua, akachungulia. Vyombo vilikuwa kimoja ndani ya kingine. Vifuniko vilikuwa mfuko wa pembeni.

"Vizuri," alisema. "Lakini kikao cha Jumamosi kilivunjika, na muuzaji mpya anahitaji nyumba tatu zilizopangiwa tarehe mwezi wake wa kwanza. Unazo ngapi?"

Mama Pacha alitoa daftari, akafungua ukurasa mtupu.

"Ya kwanza ni hii," alisema Mwalimu. "Jumamosi hii, saa kumi. Kile kilichopita sikihesabu."

"Mimi Jumanne ijayo!" Muuguzi alidakia. "Naleta wodi nzima, na mkuu wetu wa zamu, yule ana jiko la kutisha."

Wote wakamgeukia Wifi. Alikuwa bado ukutani. Alimtazama mke wa kaka yake.

"Alhamisi," alisema. "Kwangu. Na wewe wifi uje umeivaa ile bangili. Kama mama alitaka uivae, basi ivae nikuone. Nimechoka kununa."

Mwalimu, ambaye hakupepesa chini ya bakuli la maji, alipepesa sasa. "Nitakuja mapema nikusaidie viti, wifi yangu."

Mama Pacha aliandika tarehe tatu kwenye daftari lake jipya. Alikuwa anacheka, anacheka na kulia, na hakujali nani anamwona. Madamu alichana bahasha bila kuifungua. Kisha akatoa mfukoni beji ndogo, ile wanayopewa wauzaji wakishapata nyumba tatu, akambandika kifuani kwa mkono wake.

"Nilikuja nayo," alisema, kwa sauti ya chini kidogo. "Sikupenda ile karatasi ya kukuondoa tangu nilipoipiga chapa."

Vigelegele vilisikika mpaka kwa koplo barabarani.

Kobe alikuwa anakusanya vitu vyake. Aliweka futi mfukoni, daftari kwapani, akachukua kwa uangalifu na bakuli la ushahidi alilokuja nalo kutoka kituoni. Alikuwa amefika kizingitini aliposikia sauti nyuma yake. Haikuwa tena sauti ya yule mwanamke wa asubuhi.

"Afande, ngoja kwanza. Umelishika bakuli langu tangu saa mbili asubuhi, umelipima, umelitazama kwa kioo. Hakuna mteja aliyewahi kukijua chombo kama wewe. Mkeo anapokea wageni siku gani?"

"Jumapili," alisema Kobe. "Saa tisa."

Koplo, aliyekuwa amerudi kumwita, alisimama akamtazama usoni. Miwani ilikuwa bado puani, haijaguswa. Mama Pacha alishalamba ncha ya penseli, anaandika nyumba ya nne.